Siku Mama Alipomtafuta Mfumo

Wadau, leo nimeumbuka. Nimeumbuka mpaka mlinzi wa getini kaniita pembeni kunipa pole.

Mnajua niliacha kazi. (Wote mnajua, nilitangaza kama harusi.) Nilikuwa nachomelea mageti kwenye karakana ya Mzee Senzota hapa Same, nikachoka kuitwa "kijana njoo, kijana shika". Nikamuaga kwa maneno makubwa.

"Mzee, naenda kuwa bosi wangu mwenyewe."

"Haya, Mbonea," akasema. "Nakuombea bosi huyo akulipe."

Nikapanga kibanda. Nikanunua mashine ya kuchomelea ya mtumba. Nikachora kibao kikubwa kuliko kibanda chenyewe. Biashara ikaanza, ila inachechemea. Leo dirisha moja, keshokutwa kuziba tundu la sufuria ya mtu.

Halafu wiki hii nikapata kazi ya maana. Madirisha ya shule! Madarasa mapya, grili zote zangu! Mwalimu mkuu alitaka kitu kimoja tu: hati ya kuonyesha kwamba sidaiwi kodi, aipate leo kabla hajafunga ofisi, la sivyo kazi anapewa mwingine. Mimi huyo nikacheka. Nidaiwe kodi na faida sijaiona hata kwa darubini?

Asubuhi nikavaa shati la kanisani, nikaenda ofisi ya kodi kifua mbele. Nikapokewa na afisa mmoja, dada mpole, anaongea taratibu kama anambembeleza mtoto alale. Akabonyeza kompyuta. Akabonyeza tena.

"Kaka Mbonea, unadaiwa."

"Nadaiwa nini, dada?"

"Hukuleta makadirio ya mapato ya mwaka. Una faini."

"Makadirio ya nini? Biashara ndiyo kwanza inatambaa!"

"Hata ikiwa inatambaa. Ukishachukua namba ya mlipakodi, unaleta makadirio. Ulielezwa siku ile."

(Nilielezwa kweli. Siku ile nilikuwa nawaza rangi ya kibao.)

Akanigeuzia skrini nijionee. Siwatajii ni kiasi gani. Niseme tu kwamba ilikuwa ni ile hela niliyoitenga kununulia vyuma vya shule, karibu yote. Nikilipa, napata hati, lakini vyuma sina. Nisipolipa, nina vyuma, kazi sina. Nikahisi jasho linashuka mgongoni na feni inazunguka juu ya kichwa changu.

"Nipe basi namba ya malipo," nikasema.

"Mfumo umegoma kidogo, kaka. Subiri, nitakuita."

Nikatoka nje kuvuta hewa. Simu ikaita. Mama.

Mama yangu yuko Myamba, kule juu, na mtandao wa kwao unapatikana nyuma ya kanisa tu, tena ukisimama vizuri na upepo ukikubali. Kila asubuhi anapanda pale kunijulia hali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imepooza?"

Nilitaka kusema niko salama. Lakini mama akikuuliza swali kama hilo, umri wote unakutoka, unabaki mtoto wa chekechea.

"Mama, nimepigwa faini kubwa. Sijui nitatokaje hapa."

"Eeh? Umefanyaje?"

"Nimepigwa, mama! Nimepigwa faini!"

Simu ikazima. Chaji, mtaji, mimi mwenyewe, vyote vilikuwa chini.

Sasa, neno "faini" halikufika Myamba. Lilinasia njiani kwenye migomba huko. Lililofika ni "nimepigwa", tena na tena, na "sijui nitatokaje hapa". Kisha kimya.

Mimi hayo siyajui. Nimerudi benchi, nasubiri mfumo. Saa zinakwenda. Mchana ukaingia na lile joto letu la Same, vumbi linapita mlangoni bila kubisha hodi. Na katika watu wote wa wilaya hii, nani anaingia kulipa kodi yake? Mzee Senzota! Shati limenyooka, makaratasi yake yamepangwa, uso mtulivu wa mtu asiyedaiwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bosi, hujambo?"

(Bosi! Nikatamani benchi linimeze.)

"Sijambo. Nimepita tu kusalimia ofisi."

Kabla hajanijibu, nikasikia breki za Fuso nje. Harufu ya tangawizi ikaingia ukumbini, halafu mama yangu akaingia nyuma yake. Viatu mguu huu na huu tofauti. Vitenge viwili, kimoja kichwani kinapepea. Alikuwa amedandia lori la tangawizi kutoka mlimani. Kumbe alipofika mjini alienda kwanza hospitali kunitafuta, akaenda polisi, akaja kibandani kwangu, ndipo jirani akamwelekeza huku.

Akaniona. Akanipita. Akaenda moja kwa moja dirishani kwa yule dada.

"Shikamoo mama," dada akamwamkia.

"Marahaba. Nani kampiga mwanangu?"

Ukumbi mzima ukageuka. Hata feni niliisikia inapunguza mwendo.

"Mama..." nikaanza.

"Nyamaza wewe. Nani kampiga?"

Yule dada, masikini, yeye anaongea lugha ya ofisi. Akajibu kwa upole wote. "Ni kweli amepigwa, mama. Lakini siyo mimi. Mfumo ndio umempiga."

"Mfumo ndiye nani?"

"Aa, mama, Mfumo ni..."

"Mwiteni aje hapa! Aje anipige na mimi!"

Mlinzi akageukia ukuta. Mabega yanamtetemeka.

"Halafu, mama," dada akajitahidi kumtuliza, "hajapigwa sana. Ni mara yake ya kwanza, kapigwa ile ya chini kabisa."

"YA CHINI WAPI?"

Hapo mama akanigeukia mimi. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa kama anachagua nanasi sokoni. Akanitazama macho. Mekundu. (Nilichomelea jana bila miwani, ujinga wangu.) "Angalieni macho!" Akakunja mkono wa shati, akakuta alama ya moto. "Na hii?" Ni cheche, mama, ni kazi! "Umepigwa kichwani, utajuaje?"

Kisha akapandisha shati langu lote juu kukagua mbavu.

Ndugu zangu. Fulana yangu ya ndani ina matundu kama chujio. Hilo ningelivumilia. Lakini mkanda wangu ulikatika zamani na sikuwa nimenunua mwingine. Suruali nilikuwa nimeifunga kwa kipande cha waya wa umeme. Ofisi nzima imekiona. Mzee Senzota amekiona. Bosi wangu mwenyewe, kiuno chake kimefungwa kwa waya mwekundu!

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Yule dada akatoka nyuma ya dirisha, akaja kumshika mama mkono. "Mama, hajapigwa na mtu. Faini, mama. Anadaiwa hela ya serikali."

"Hela?"

"Ndiyo, mama."

"Hela tu?"

"Hela tu."

Mama akakaa kwenye benchi kama gunia lililoshushwa. Akaanza kulia, bila sauti, anajipangusa na ncha ya kitenge.

"Hospitali nimeingia wodi zote," akasema. "Kila kitanda nachungulia. Njiani kwenye lori nilikuwa nawaza nguo gani nitakuvalisha."

Mimi nilidhani leo nimepoteza madirisha. Nikakaa karibu yake, shati bado liko kifuani, waya uko nje, sikujali tena. "Niko mzima, mama. Nimekosa hesabu tu."

"Mbona hukuniambia mambo magumu?"

"Wewe ulisema nisiache kazi."

"Nilisema hivyo. Sikusema ukiacha usinipigie simu."

Mzee Senzota akakohoa. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu wake.

"Mama Mbonea," akasema, "mimi nilipoanza karakana nilipigwa faini hapahapa. Kubwa kuliko ya huyu. Nilikaa kwenye benchi siku nzima." Akavaa miwani. "Mimi hakuna aliyekuja."

Kisha akanigeukia, sauti yake ileile ya karakana. "Kijana, lipa faini yao. Vyuma kachukue kwangu, shule ikishakulipa utanirudishia. Na shusha shati."

Nikampa mkono kwa mikono miwili, kisha nikashusha shati.

Muda huohuo yule dada akapaza sauti kutoka kwenye kompyuta yake. "Mfumo umerudi!"

Mama akainua uso, macho bado maji. "Mwambieni asirudie tena."

Hapo sasa ndipo ofisi nzima iliangua kicheko, mlinzi mpaka akachuchumaa. Na mama naye akacheka, bila kujua wanachekea nini, kwa sababu mwanaye alikuwa anacheka.

Nililipa. Nikajaza makadirio, dada ananielekeza mstari kwa mstari. Hati nikaipata, nikaikimbiza shule mkononi. Mwalimu mkuu alikuwa anafunga mlango. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye yule aliyepigwa? Mbona watu walisema umelazwa?"

Kazi nimepata. Kesho naanza kukata vyuma.

Jioni hii mama alinichua mgongo kwa dawa aliyokuja nayo. Nikamwambia siumwi popote. Akasema dawa ameshaibeba, haiwezi kurudi mlimani hivihivi. Nanuka kama duka la mitishamba.

Sasa amejilaza kwenye kitanda changu, mimi niko chini kwenye mkeka nawaandikia. Atakayetaka kucheka acheke kimoyomoyo. Tangu alfajiri hajapumzika, na mtu asiniamshie mama yangu.