Herufi Kubwa ya Mchimba Makaburi

Jumatatu, 3 Novemba
Mvua. Edinburgh yote inanuka sufu mbichi. Prufu, yaani kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapa, za riwaya ya Mzee Murdo zimerudi kutoka hospitali alikolazwa. Shujaa wake hana jina, kijiji kizima kinamwita kwa kazi yake tu: mchimba makaburi. Mimi, mhariri, nilimpa herufi kubwa kila ukurasa. Kama anaitwa hivyo, basi hilo ni jina! Mzee kaweka nukta za penseli chini ya kila sahihisho. Katika kazi yetu nukta hizo ni amri: acha kama ilivyokuwa. Dharau tupu. Na mwezi huu anatafutwa mhariri mkuu, na Catriona wa meza ya pili anakimezea mate kiti hicho ninachostahili mimi.

Jumanne, 4 Novemba
Nimempigia simu Mama Effie, mke wa mzee. Anasema mumewe anataka jambo moja tu, akishike kitabu kabla hajafa, na daktari hampi zaidi ya wiki mbili. Nikamwambia kikwazo ni herufi. Akajibu: "Ninian, mwanangu, yule mchimba alikuwa mdogo maisha yake yote. Murdo anataka abaki mdogo. Chapeni tu." Niliguswa. Kidogo. Nikachukua kifutio, nikafuta nukta zote. Safi!

Alhamisi, 6 Novemba
Balaa. Catriona kapekua prufu nikiwa chooni. Nukta zimefutika lakini karatasi imebonyea! Mbio kwa bosi, Bi. Rennie: "Huyu sasa anafuta hata maneno ya mgonjwa!" Nikajitetea kwamba huenda mgonjwa mwenyewe kabadili mawazo akazifuta. Akili hiyo! Bi. Rennie akasimamisha uchapaji, akarudisha prufu hospitali ili mzee athibitishe. Nimepona.

Jumatatu, 10 Novemba
Mzee Murdo amefariki alfajiri. Prufu zilikuwa juu ya shuka. Alikuwa akiweka nukta upya, akaishia nusu. Kitabu hakukishika. Catriona alilia, akanigeukia, akauliza kama sasa nimeridhika. Nilijisikia vibaya, vibaya kweli, mpaka saa ya chai.

Ijumaa, 14 Novemba
Mazishi. Upepo wa kukata masikio. Kamba za kushushia jeneza hupewa ndugu na wapendwa wa marehemu, na Mama Effie akanipa moja mimi! Akaninong'oneza kwamba Murdo alikufa akisema hakuna aliyekihangaikia kitabu chake kama mimi. Nililia mbele ya watu, na hayakuwa machozi ya uongo.

Baadaye Bi. Rennie akatangaza kwamba kiti kakipata Catriona. Mbele ya sandwichi za matanga! Mimi nimeachiwa prufu nizimalizie.

Nimezifungua kwenye basi. Nusu ya kwanza, nukta tele, mkono ukizidi kulegea kila ukurasa. Nusu ya pili haina hata moja, na wa kuziweka tumemzika leo. Nusu kitabu! Kesho naanza na herufi kubwa.