Hando Juu ya Mizani

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Damu tena kwenye mswaki! Jino la mbele linacheza. Tarehe 30 mwanangu Baya anaoa, na vigelegele vya kwanza ni vyangu. Jino likiruka mbele ya wakwe? Mungu wangu!

Daktari Ochola wa zahanati kanipima. Kilo 98. Kasema ufizi wangu unaumwa kwa uchafu, na unene unazidisha, kwani mwili mzito ufizi wake huvimba upesi. Nipunguze vitumbua, nipige mswaki asubuhi na jioni, nirudi tarehe 22. Ama sivyo, koleo. Nimeliona.

Jumatano, 6 Agosti

Nikikonda, jirani yangu Mumbua atasema Baya ananinyima chakula kwa ajili ya mchumba. Baya, mpishi wa hoteli kubwa Malindi! Unene huu ndio sifa yake. Nimepata akili. Nitakula kidogo, halafu nivae hando la marehemu mama, sketi ya marinda mpaka basi, na makumbi ya nazi chini yake. Mswaki nimeacha. Unaleta damu.

Jumanne, 12 Agosti

Uji tu, siku ya sita. Mumbua kaniita kutoka ng'ambo ya ua, kauliza: Mama Baya, hapo mlangoni utapita kweli? Moyo ukatulia. Ufizi haujatulia. Unapwita.

Ijumaa, 22 Agosti

Kilo 101! Nesi kaniambia, mama, vua hilo hando. Nivue? Na Mumbua yuko pale kwenye benchi na kikohozi chake! Nimekataa. Daktari kauliza kama napiga mswaki. Nimeapa. Kachungulia, kaguna, kanyoosha mkono kwenye koleo. Nilitoka mbio, makumbi yakidondoka nyuma yangu. Jioni Mumbua kaniletea yote kwenye kikapu. Kasema: shoga, uliangusha nyonga.

Jumapili, 31 Agosti

Vigelegele vyangu jana walivisikia hadi kijiji cha Jilore. Jino likatua mapajani mwa mama wa bibi harusi. Nilitaka ardhi inimeze. Mumbua akapiga vyake haraka, kunisitiri. Meno yote anayo. Bahati tu ya wembamba.

Baya alinishika mikono, akanisihi nirudi kwa daktari, kwani la pili nalo linacheza. Naogopa. Lakini kesho nitakwenda. Hando nimelishona upya, mshono mara mbili. Safari hii halidondoki kumbi hata moja.