Kiamsha Hamu cha Nguruwe na Sufuria ya Mke Wangu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Jikoni,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wapishi wako wote. Sisi huku ni wazima pia, isipokuwa hatusemezani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sarufi, na mume wa mpishi wa sherehe ambaye sufuria yake haijawahi kurudi nyumbani na kitu ndani. Jumamosi iliyopita wakwe watarajiwa wa binti yetu walikuja kututembelea. Mke wangu alipika tangu alfajiri. Nami, kiherehere changu, nikafungua gazeti lako nikakuta "Kiamsha Hamu cha Nguruwe na Biskuti". Nyama uikate nyembamba, uilaze kwenye kitunguu saumu na tangawizi, uikaange mpaka kingo zijikunje, kisha uiweke juu ya biskuti ya chumvi na tone la haradali. Nikafuata neno kwa neno, nikawatolea wageni kabla ya chakula. Sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Jina lenyewe. Kiamsha kinywa huamsha kinywa asubuhi, na kinywa kikishaamka kinajua pa kwenda. Hamu je? Umeiamsha, hukuandika nani ataibembeleza ilale. Huo ni uzembe wa kisarufi.

2. Baba mkwe mtarajiwa, mtu mzito mwenye tai, alianza na kimoja kwa adabu, akaendelea bila adabu. Mkewe alikuwa akivifunika kwa leso ili mumewe asivione. Mke wangu alipokaribisha watu mezani, wakajibu kwa upole kwamba wameshakula, wakauliza kama vile vidogo bado vipo. Sufuria ilirudi jikoni imejaa, na mke wangu akarudi nayo.

3. Tangu hapo hanisemeshi. Shemeji yangu, mdogo wake wa kiume, alikuja kutupatanisha, akaonja, akahamia kwetu. Sasa yeye ndiye posta yetu. Mke wangu humwambia, "Mwambie mwalimu chumvi iko mbele yake," nami nimekaa pale pale, chumvi naiona.

4. Utauliza kwa nini bado navikaanga. Ni kwa ajili ya uchunguzi. Seremala wa jirani amesimamisha nyundo ili asikie mafuta yangu yanapoanza kulia, na mteja wake analala chini akisubiri kitanda.

5. Hili ndilo linaloniuma kweli. Wakwe wameleta ujumbe kwamba harusini wanataka vile vidogo tu, chakula kizito cha nini. Mwanamke aliyepikia harusi za watu wote aje akae kama mgeni kwenye harusi ya mwanawe wa kumzaa? Nilipousoma ujumbe huo kwa sauti, mke wangu aliosha sufuria safi mara ya pili.

Kwa hiyo naomba, kwanza, uchapishe mapishi ya kilaza hamu, ukurasa huo huo, kwa herufi kubwa. Ukishindwa, tangaza kwamba mapishi yale hayana ladha na aliyeyasifu alikuwa na homa. Ukishindwa na hilo pia, njoo harusini wewe mwenyewe, ule sahani tatu za mke wangu mbele ya wakwe huku ukilia kwa furaha.

Wasalimie wapiga chapa, wapiga picha, na yeyote aliyekionja kile kitu kabla hamjakichapa, kama alibaki na ndoa.

Wako mwenye njaa na heshima,

Mwalimu Mstaafu wa Sarufi

Tanbihi: Nilikuwa nimeweka sahani ya vielelezo hapa mezani ili nisikosee kuvieleza. Mke wangu amepita kuchukua mwiko, akasimama, akaonja kimoja kwa uso wa mtu anayekagua kazi ya adui. Kisha akavuta kiti. Sahani sasa haina kitu. Amenigeukia mimi mwenyewe, shemeji akiwa kando hana kazi, akasema, "Haradali yako inataka ndimu. Harusini mimi napika chakula, wewe unakaanga hivi, na vitatolewa mwisho, kwa atakayemaliza sahani yangu."

Kiamsha hamu kitolewe baada ya chakula. Kisarufi haiwezekani, na nimekubali. Barua hii usiichape, Mhariri. Naikatisha hapa, maana ameuliza kama vipo vingine.