Kilichonikuta Nyegezi Nikitafuta Miungu ya Wagiriki

Jamani, leo sina uso. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani, na bado nasikia masikio yanawaka.

Mnajua riwaya yangu. Ile ya binti wa Kirumba anayemfuata baba yake kuzimu, chini kabisa ya ziwa. Sura ya tisa nilimwaga humo miungu ya Wagiriki na Warumi, nikaona nimeandika dhahabu. Juzi mhariri akanirudishia na ujumbe mmoja: "Miungu yako umeikoroga. Nahitaji sura iliyonyooka ndani ya wiki mbili, la sivyo naitoa."

Kuitoa! Sura ya tisa ndiyo moyo wa kitabu. Ukiitoa, binti anabaki amesimama ufukweni tu na viatu mkononi.

Basi nikaanza kuhangaika. Mtandaoni kila ukurasa unabishana na mwenzake. Maktaba moja niliyoingia ilikuwa na kitabu kimoja tu cha mambo hayo, na kurasa za katikati zimechanwa (natumaini aliyezichana amefaulu mtihani). Rafiki yangu Neema, aliyeniona nimeshika kichwa, ndiye aliyenipa tumaini.

"Nenda Nyegezi kwa Mwalimu Masalu," alisema. "Mstaafu. Alifundisha Kilatini seminari miaka mingi. Ana sanduku zima la bati la vitabu vya miungu hiyo. Ila haazimishi mtu."

"Mimi nitambembeleza."

"Basi wahi, kaka. Wiki iliyopita malaria ilimlaza hoi."

Leo Jumamosi nikawahi. Nikavaa shati jeupe na suruali nyeusi, nionekane msomi. Saa nne asubuhi nikawa getini.

Geti liko wazi. Uani kuna turubai la bluu. Chini yake viti vya plastiki, na kwenye viti wanaume wazima wamekaa kimya, wanatazama chini. Pembeni wanawake wamejifunga kanga kiunoni, masufuria makubwa yako motoni. Mmoja anajifuta machozi.

Mwalimu ametutoka!

(Mungu anisamehe. Wazo la kwanza lilikuwa mwalimu. La pili, lililofuata haraka mno, lilikuwa sanduku.)

Sasa nyie mnajua msibani hatuulizi maswali. Unaingia, unatoa pole, unakaa. Nikainamisha kichwa, nikamfuata mzee mmoja mwenye koti aliyekaa mbele.

"Shikamoo, baba. Poleni sana."

"Marahaba. Tumeshapoa, tutafanyaje? Tangu saa mbili tumekaa hivi hivi."

"Na… mwalimu?"

"Kaka yangu yuko ndani. Mpaka hao wa Magu wafike, tumalize mambo, ndipo atatoka."

Nikaelewa kila kitu. Mwili uko ndani, wanasubiri ndugu kutoka Magu. Machozi yakanilenga.

Mzee akanitazama shati jeupe, akanitazama suruali nyeusi. "Wewe umewatangulia wenzako?"

Nikawaza, ni kweli, katika waandishi wa Mwanza mimi ndiye wa kwanza kufika. "Ndiyo, baba."

"Una neno?"

"Nikipewa nafasi, baba, nitasema mawili matatu."

Uso wake ukachangamka (nikashangaa kidogo, lakini kila mtu ana namna yake ya kuomboleza). Akasimama, akapiga makofi. "Jamani, sikilizeni! Mgeni ana neno!"

Watu wote wakageuka. Hata wanawake wakaacha miiko. Wenzangu, mwandishi akiona watu hamsini wamemkazia macho, hana breki tena.

"Ndugu zangu," nikaanza, sauti ikitetemeka vizuri kabisa, "leo taa imezimika Nyegezi. Mwalimu Masalu amevuka! Wagiriki wa kale walisema mtu akifa hufika kwenye mto wa kuzimu. Pale kuna mzee mwenye mtumbwi anayevusha roho, kama kivuko cha Kigongo kabla ya daraja, ila yeye harudishi mtu. Ng'ambo analinda mbwa wa kutisha mwenye vichwa viwili. Na nyuma ya mbwa huyo, kwenye kiti cha giza, anamsubiri mwalimu wetu Jupita, mfalme wa wafu…"

Mfuniko wa sufuria ukaanguka. Binti mmoja mwenye gauni jipya, nywele zimesukwa nusu, akatoka mbio kwenye kibaraza. "Uwiii! Baba yangu!"

"Mwalimu gani amekufa?" akafoka yule mama aliyekuwa analia. Mkononi ana kisu, na kwenye kisu kuna kitunguu. "Si nimempelekea chai sasa hivi!"

Kabla sijameza mate, dirisha nyuma yangu likafunguliwa kwa kishindo.

"Vitatu!"

Watu wote wakageukia dirishani.

"Mbwa yule ana vichwa vitatu! Nani huyo anayefundisha ujinga mbele ya nyumba yangu?"

Dirishani alikuwa mzee mwenye fulana ya ndani, shavu moja limenyolewa, jingine limejaa povu.

"Na Jupita ni wa mbinguni! Huko kuzimu ni Pluto!"

Nikasema kitu pekee kilichonijia. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kwani nani amekufa?"

"Wewe, mwalimu."

Nawaambia, turubai lilitikisika kwa kicheko. Mtu alianguka na kiti chake. Yule mzee mwenye koti, mdogo wake mwalimu, akanishika bega. "Kijana, kwani wewe si msemaji wa upande wa bwana harusi?"

Ilikuwa siku ya mahari ya Kabula, binti wa mwalimu, yule mwenye nywele nusu. Wakwe kutoka Magu wamechelewa, watu wana njaa, ndiyo maana wamenuna. Na baba wa binti hukaa ndani mpaka wadogo zake wamalize mazungumzo.

"Hapana, baba," nikasema kwa sauti ya kuku. "Nimefuata vitabu."

"Afadhali!" akadakia shangazi mmoja. "Nilishasema posa ya watu wanaotuzika kabla hawajaleta ng'ombe, siitaki!"

Wa Magu walipofika wakakuta watu wanafutana machozi ya kicheko, wakasamehewa kuchelewa bila hata kuomba. Mimi nikanyata kuelekea getini. Sauti ikaniita.

Mwalimu alikuwa amemaliza kunyoa. Alinipeleka ndani, akafungua sanduku la bati, akaangalia vile vitabu kama mtu anayeangalia watoto waliolala.

"Wanaokuja hapa huniuliza vina bei gani," alisema. "Miaka mingi hakuna aliyemtaja yule mbwa mbele yangu. Hata kwa makosa." Akanipa kitabu kinene, jalada limeshikizwa kwa karatasi ya gundi. "Soma hiki. Jumanne uje tuanze na nani ni nani. Sura yako itanyooka."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikashukuru kwa kichwa.

Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na ile hotuba yako usiitupe. Ina mwendo mzuri. Rekebisha mbwa na Jupita, halafu niwekee."

Kwa hiyo, wenzangu, nina kitabu, nina mwalimu, na nina hotuba ya kuhariri ambayo naomba isihitajike kwa miaka thelathini. Mnaocheka nawaona.