Elfu Sitini za Kwanza

Jumatatu, 22 Juni
Gego la kushoto limetoboka. Ulimi haubanduki shimoni. Mama ana bima ya meno kazini kwao, nami nimo! Furaha ya dakika moja. Kijitabu kinasema kila mwaka wa bima, mgonjwa ajilipie elfu sitini za kwanza, ndipo bima ilipe zinazozidi. Elfu sitini ninazo. Ni ada ya kozi ya kompyuta. Sina nyingine.

Alhamisi, 25 Juni
Nimepata njia! Dada alijilipia zake mwezi wa tatu. Basi nyumba yetu imeshatimiza. Nimemnong'oneza karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Akajibu kwa sauti ya mnadani kwamba kila mtu na zake, mwanangu, jino la dada yako halikutafunii. Foleni nzima ikacheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Dada anasema ningemuuliza yeye kwanza. Yeye! Bora jino.

Jumanne, 30 Juni
Maumivu mpaka sikioni. Mama amesema kozi haikimbii, nenda. Ada yote ya kozi nimeilipa kliniki. Daktari alitaka kusafisha mzizi na kuziba kabisa, leo hii. Nikaingiwa na hofu: je, wakinidai gharama zote kwa mkupuo? Nikamwomba leo aishie kwenye elfu sitini zangu, Alhamisi amalizie kwa fedha za bima. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Nikaitikia kwa kichwa. Amenizibia kwa muda. Kumbe nina akili!

Alhamisi, 2 Julai
Karani ametazama kompyuta, akaniita mwanangu kwa upole. Nikajua mambo yameharibika. Mwaka wa bima uliisha juzi. Jana umeanza mwingine. Elfu sitini nyingine, kuanzia sifuri! Juzi ningemwacha daktari amalize, bima ingelipa. Nimemweleza Dada. Hakucheka. Hilo ndilo limeniumiza zaidi.

Jumatatu, 6 Julai
Kozi imeanza bila mimi. Kizibo cha muda kilidondoka jana, nikakimeza pamoja na mkate. Kulitibu jino hatuwezi, kwa hiyo limeng'olewa. Mama amekopa ya kung'olea. Njiani amenisihi, mwanangu, siku nyingine uliza watu. Nimemwambia sasa nimeelewa kila kitu. Na kweli nimeelewa. Gego la kulia limeanza kuwanga. Simwambii mtu. Mwakani nitaanza tarehe 29 Juni, nimalizie 30.