Mfuniko wa Nyambizi Pipani Mwangu

Jumatatu, 3 Oktoba
Jirani yangu Kapitolina kaonja kabichi yangu ya kuchachusha. Eti, Bibi Pelageya, hii ni ya kula au ya kuzibia madirisha? Mbwa yule! Nampenda, lakini mbwa. Kosa ni la jiwe langu la kuigandamizia pipani, limekaa upande. Sikukuu ya Pokrov, ya Mama wa Mungu, tarehe kumi na nne, jengo zima litaonja. Safari hii atameza maneno yake.

Jumanne, 4 Oktoba
Neema! Mkwe wangu Gennadi, mtunza stoo wa karakana ya nyambizi, kaja na kifurushi, kakisukuma chini ya kitanda. Wezi wa vyuma wamevunja stoo tena, mkuu wake kamwambia spea hii ailaze nyumbani. Mama, usiguse. Nikamwambia, mwanangu, mimi niguse nini?

Alipotoka nikagusa. Mfuniko wa titani, mviringo, laini kama shavu la mtoto. Umeingia pipani juu ya kabichi kama uliozaliwa humo! Kifurushini nimetia pasi mbovu, uzito usipungue.

Jumatano, 12 Oktoba
Balaa. Gennadi kaenda na kifurushi kazini. Kumbe mfuniko ni wa vali, kizuia maji, ya ile nyambizi mpya ya nyuklia. Bila huo haishuki baharini, na kiwanda kilichoutengeneza kimekufa. Hakuna mwingine. Kafungua mbele ya maofisa. Pasi!

Karudi mweupe kama jibini. Hakunifokea. Kakaa jikoni, kasema tu, Mama, watanifunga. Moyo ukanipasuka. Nikazamisha mkono pipani hadi begani. Inuka, mwanangu, twende.

Alhamisi, 13 Oktoba
Jana sikumaliza kuandika, usingizi ulinishinda. Maisha yangu yote nimeishi nje ya ukuta wa karakana ile, nimewapikia na kuwazika waliofanya kazi ndani, sijawahi kuona walichojenga. Maofisa wakaagiza nipitishwe, nikaingia. Nikatazama juu. Macho hayakufika mwisho. Nyambizi, nyeusi, kimya, kama ng'ombe anayengoja kuzaa. Jengo letu la ghorofa tano lingelala ubavuni mwake likaonekana banda la kuku. Gennadi kaninong'oneza kuwa moto wa tumboni mwake huwaka miaka na miaka bila kuongezwa ukuni hata mmoja. Mimi, niliyepasua kuni tangu utotoni! Nikapiga ishara ya msalaba. Na mfuniko wangu, kabichi imenasa ukingoni, ndio uzuie bahari nzima isiwaangukie watoto wa watu!

Mhandisi mkuu kaugeuza, kaupima, kaunusa. Chumvi na uchachu wote ule, hata mkwaruzo mmoja hakuna! Kasema, Bibi, chukua pasi yako uende kabla sijakuuliza chochote. Kisha kauliza: chumvi unatia kiasi gani?

Ijumaa, 14 Oktoba
Pokrov. Kapitolina kaonja. Kaomba sahani ya pili! Gennadi hakufungwa, yuko kazini kwake. Nimeapa mbele ya Mama wa Mungu: vitu vya nyambizi, sitavigusa kamwe.

Jumatatu, 17 Oktoba
Stoo imevunjwa tena. Gennadi kaleta kifurushi kingine, kaniapisha upya. Sijakigusa. Nimekipima tu, kwa uzi. Pipa la matango, kinaingia barabara kabisa.