Ombi la Kusimamisha Salamu Mtaani hadi Riwaya Yangu Ikamilike

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa,

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima. Sitaendelea kukuulizia hali, kwa sababu utakazozielewa punde.

Ninaandika riwaya kuhusu wapelelezi wa zama za vita. Nimeyasoma majalada yao katika hifadhi ya nyaraka mpaka macho yakawasha. Watu hao waliishi katikati ya adui, wakamfuata afisa sokoni, kambini na hata mlangoni kwa hawara wake, pasipo yeyote kuwageukia. Mchapishaji anaitaka sura ya ufuatiliaji kabla ya mwezi kwisha, la sivyo atavunja mkataba. Nami, kwa kuwa siandiki nisichokijaribu, niliazimia kumfuata kwa siri fundi cherehani wa mtaa wetu. Wakazi wako wameliharibu zoezi hilo kama ifuatavyo:

1. Nikiwa nimejibanza nyuma ya nguzo ya umeme, nilisalimiwa na kila mpita njia. Wengine walivuka barabara makusudi. Waliulizia mke wangu, mapacha, na goti la mama mkwe, nami niko mafichoni.

2. Muuza mkaa, ambaye sikumshirikisha kwa lolote, alipaza sauti kutoka ng'ambo: "Baba Mapacha! Fundi wako kakata kushoto, kimbia!" Adui wa kweli angenifyatulia risasi; huyu alinionyesha njia. Sijui tusi kubwa ni lipi.

3. Fundi mwenyewe, mtu wa ukoo wa mke wangu, hana hata adabu ya kushuku. Hunisubiri kwenye kona. Jana aligeuka akaniambia, "Shemeji, pita upande wa kivuli, jua litakuua bure." Nitaiandikaje hofu ya mwindwa, ikiwa mwindwa ananihurumia?

4. Nilipovaa miwani myeusi, mtaa mzima ulinipa pole ya ugonjwa wa macho. Dawa ya matone ninayo mezani hapa.

Chanzo cha uozo huu ni salamu. Nimeichambua kwa umakini wa kitaaluma: ni kelele isiyobeba habari. Mtu hujibu "nzuri" hata nyumba ikiwaka moto. Hakuna mpelelezi aliyewahi kuipata siri kwa kuulizia watu wa nyumbani.

Kwa hiyo naomba upige salamu marufuku hadi mwisho wa mwezi. Wakazi watazame chini wanionapo. Na fundi aamriwe kuogopa, walau jioni. Riwaya yangu yote imesimama juu ya jina la msaliti, ambalo hata mke wangu halijui, na ambalo sitalitamka kabla ya ukurasa wa mwisho kuchapwa.

Nisalimie mkeo, watoto, katibu wako na wajumbe wote. Hizi zihesabiwe kuwa za kabla ya marufuku.

Wako katika kimya ninachokitamani,
Baba Mapacha,
Mwanahistoria mstaafu

N.B. Nilipokuwa natafuta gundi ya bahasha, fundi alipita mlangoni. Aliniuliza habari za nyumbani, kisha za kazi, kisha akanyamaza tu. Alipoondoka alikuwa anamjua msaliti, aliyesalitiwa, na sababu. Sasa naambiwa muuza mkaa haukubali kabisa mwisho huo. Tafadhali ombi langu lisubiri. Natoka kwenda kumsalimia.